Falsafa Iliyozaliwa Kando ya Ziwa

Februari 2013 jina la Buseresere lilivuma kwenye magazeti na redio za Tanzania. Mji huu wa biashara umegusana na Katoro kiasi kwamba mgeni hatambui anapotoka wilaya ya Geita na kuingia Chato. Mwaka ule watu wake waligombana juu ya nyama. Nani ana haki ya kuchinja mnyama ambaye nyama yake itauzwa buchani kwa wote? Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa na Waislamu, na Wakristo walikula bila neno. Safari hii baadhi ya Wakristo walitaka kuchinja na kuuza wenyewe. Februari 11 ugomvi uligeuka mapigano, na mchungaji mmoja akauawa.

Habari zile ziliitwa mgogoro wa kidini, na ndivyo ulivyokuwa. Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na maswali yasiyo ya dini moja. Desturi ikidumu miaka mingi, inageuka haki? Serikali isiyokuwa na dini ifanye nini raia wake wanapodai jambo moja kwa imani mbili? Jirani ananidai nini, kwa sababu tu ni jirani? Watu waliobishana pale mtaani walikuwa wamesimama katikati ya falsafa ya siasa na maadili, ingawa hakuna aliyewaambia.

Si ajabu. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha tano na sita amekutana na falsafa kwenye somo la General Studies, na ameikariri kwa ajili ya mtihani. Metafizikia huuliza kuna nini, na kuwapo ni nini. Epistemolojia huuliza tunajuaje tunayodai kuyajua. Maadili hupima jema na baya, mantiki hupima hoja, falsafa ya siasa hupima mamlaka, ujumi hupima uzuri. Majina yanayoambatana na orodha hiyo ni Socrates, Plato, Aristotle, Descartes na Kant. Mwanafunzi hutoka kwenye chumba cha mtihani akiamini kuwa falsafa ni mali ya wazee wa mbali waliokufa zamani.

Ipo ramani nyingine. Chukua Ziwa Victoria na nchi zilizo karibu nalo. Magharibi, Rwanda, alizaliwa Alexis Kagame. Kaskazini, Makerere, alifundisha John Mbiti. Mashariki, Nyanza ya Kenya, alitoka Henry Odera Oruka. Butiama alizaliwa Julius Nyerere, na kisiwani Ukerewe Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi. Mabishano makubwa ya falsafa ya Afrika katika karne ya 20 yalipita mikononi mwa watu hawa, na Buseresere imo ndani ya duara lao.

Mtu ni nani?

Mabishano hayo yaliwashwa na mgeni. Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeishi na Waluba wa Katanga, alichapisha mwaka 1945 kitabu juu ya falsafa ya Kibantu. Alidai kwamba kwa Wabantu kuwapo ni kuwa na nguvu. Kila kilichopo ni nguvu inayoweza kukua au kufifia, na mtu huongezeka au hupungua kulingana na uhusiano wake na wenzake, walio hai na waliotangulia. Kwa Ulaya iliyozoea kusema kuwa Mwafrika hana fikra, hayo yalikuwa mageni. Waafrika wengi walifurahi. Wengine walishtuka, kwa kuwa Tempels aliwasemea watu wote kana kwamba wana wazo moja na hakuna anayebisha, tena aliwaandikia wakoloni wenzake.

Kagame, padri na mwanahistoria, alitaka kazi hiyo ifanywe kwa ushahidi. Alisoma Roma, na tasnifu yake ikachapishwa mwaka 1956. Aristotle aliorodhesha mafungu kumi ya mambo yanayoweza kusemwa juu ya kitu. Kagame, akichambua Kinyarwanda, alipata manne ya vyote vilivyopo: umuntu, yaani chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna kitu kilivyo. Wapinzani wake walisema sarufi ya lugha haitoshi kuwa falsafa ya watu, maana watu wanaweza kutumia ngeli zilezile na kuamini mambo yanayopingana. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mpaka aliouchora kati ya umuntu na ikintu ni mzito pia.

Kanda ya Ziwa ililipa damu kujua uzito wake. Tangu mwaka 2007 ziliripotiwa kwa wingi habari za mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga na katika maeneo ambayo leo ni mkoa wa Geita. Wauaji walitafuta viungo vya dawa za utajiri, na migodi ya wachimbaji wadogo na mialo ya wavuvi ilitajwa miongoni mwa masoko yake. Soko hilo lilikuwa na imani nyuma yake: kwamba mwenye ualbino hafi kama wengine, hutoweka. Hiyo ni kauli ya metafizikia. Inamwondoa binadamu kwenye fungu la umuntu na kumtia kwenye ikintu, kitu chenye bei. Polisi wanaweza kumkamata muuaji. Kauli yenyewe haikamatwi na polisi. Inahitaji kujibiwa na mzazi, mwalimu, shehe na padri, mara nyingi na kwa sauti.

Mwaka 1969 Mbiti aliongeza swali la wakati. Alitumia maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kudai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati hurudi nyuma kuelekea Zamani, na wakati ujao mrefu karibu haupo. Kitabu chake kilisomwa dunia nzima na kikapingwa vilevile. Kwa kweli, Msukuma anayeongeza ng'ombe mmoja mmoja kwa ajili ya mahari ya mtoto ambaye bado anatambaa anaifikiria miaka 20 ijayo bila taabu. Mbiti alistahili kupingwa, na alistahili heshima: alitupa kauli iliyo wazi kiasi cha kuweza kupimwa.

Umejuaje?

Usukumani, mwenye shida alikwenda kwa nfumu, mpiga ramli, ambaye aghalabu alisoma matumbo ya kuku. Kwa desturi mteja hakueleza kilichomleta. Nfumu ndiye aliyepaswa kukitaja, na asiyeridhika alikwenda kwa mwingine. Shaka ilikuwa imejengwa ndani ya desturi: mjuzi hupimwa kabla ya kuaminiwa. Hilo ni jambo la kwanza la epistemolojia, na wazee walilijua.

Hatari ilikuja shaka ilipotolewa na hofu ikabaki. Kwa miongo kadhaa vikongwe, hasa wanawake, wameuawa Shinyanga na mikoa jirani kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotajwa ni macho mekundu. Hoja yenyewe ni hii: wachawi wana macho mekundu, bibi huyu ana macho mekundu, basi bibi huyu ni mchawi. Hata tukikubali sentensi ya kwanza kwa ajili ya mabishano tu, hitimisho halifuati. Macho huwa mekundu kwa sababu nyingi, na mwanamke aliyepika miaka 50 kwenye moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe anayo yake. Aristotle aliianzisha mantiki kama elimu zaidi ya miaka 2,300 iliyopita ili kukamata makosa ya aina hii. Wapo waliozikwa kwa sababu hakuna aliyelikamata kosa hilo kwa wakati.

Mwaka 2015 serikali ilitangaza vita dhidi ya waganga wapigao ramli chonganishi. Amri husaidia, ila haifundishi kuhoji. Aliyeonyesha kwamba kuhoji kumekuwepo vijijini siku zote ni Odera Oruka. Alizaliwa mwaka 1944, akasomea Sweden na Marekani, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Tangu mwaka 1974 alikwenda kwa wazee na kuzungumza nao juu ya Mungu, kifo, haki, na usawa wa mwanamke na mwanamume, akiwabishia na kutaka sababu. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 aliwatofautisha wenye hekima wa aina mbili. Mmoja anazijua mila na methali za watu wake na kuzieleza vizuri. Wa pili anazijua vilevile, lakini anaweza kusimama kando, kuzipima kwa akili yake na kusema wapi zinakosea. Huyo wa pili, alisema Odera Oruka, ni mwanafalsafa, awe anajua kusoma au hajui.

Tuishi vipi pamoja?

Nyerere alipokuwa mwanafunzi Makerere miaka ya 1940 alimsoma John Stuart Mill na kuandika insha juu ya uhuru wa wanawake. Edinburgh, mwaka 1949 hadi 1952, alisoma zaidi. Katika andiko lake la mwaka 1958, Mali ya Taifa, aligusa hoja ambayo John Locke aliitetea mwaka 1690, kwamba jasho la mtu humpa haki ya kumiliki. Nyerere aliikubali nusu. Jasho langu ni langu, na matunda yake ni yangu, lakini ardhi sikuiumba, kwa hiyo siwezi kuiuza kama yangu. Swali hilo halijawahi kutulia Geita, ambako mgodi wa wakati wa ukoloni ulichimba dhahabu kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mchimbaji mdogo aliyegundua mwamba, kampuni yenye leseni na taifa zima kila mmoja ana dai lake. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili zake. Anayetaka kujua uzito wa madai hayo matatu atafaidika akianza na kurasa chache za mwaka 1958.

Nyerere alifundisha pia kwa kosa. Ujamaa wake wa mwaka 1962 na Azimio la Arusha la Februari 5, 1967 vilisimama juu ya usawa na hiari. Novemba 1973 alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na ndani ya miaka mitatu mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu. Usawa na uhuru viligongana, na familia za wakulima na wafugaji zikaubeba mgongano huo. Tunaompenda Mwalimu tunapaswa kulisema hili waziwazi, kwa kuwa yeye mwenyewe alitufundisha kujisahihisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpakani mwa Kahama na Nzega, wananchi walijibu swali la mamlaka kwa njia yao. Baada ya vita vya Uganda silaha zilizagaa, wezi wa ng'ombe wakazidi, na imani kwa polisi na mahakama ikapungua. Wanavijiji wakaunda Sungusungu. Mhalifu alitozwa ng'ombe au alitengwa, asisalimiwe wala asisaidiwe. Thomas Hobbes aliandika mwaka 1651 kwamba watu huunda mamlaka ili kuikimbia hofu. Sungusungu walifanya hivyo bila kumsoma, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini baadhi yao waliwapiga washukiwa na kuwafukuza waliosemwa kuwa wachawi. Mamlaka yaliyozaliwa na hofu yalihitaji mtu wa kuyahoji, kama mamlaka yoyote.

Kuishi kwa ajili ya nini?

Waliobaki ni wa Ukerewe. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusoma seminari ya Rubya, alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ya Myombekere na Bugonoka, juu ya mume na mke wanaokosa mtoto na kukataa kuachana. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilichapishwa karibu na kifo chake mwaka 1981. Ni kitabu kizima juu ya maisha mema. Kezilahabi, aliyepita seminari ya Nyegezi, aliuliza swali chungu zaidi. Katika riwaya yake ya Kichwamaji ya mwaka 1974, mhusika Kazimoto anatafuta maana ya maisha, anaikosa na kujiua. Nagona na Mzingile za miaka ya 1990 zinaupeleka utafutaji huo mbali, mpaka hadithi yenyewe inavunjika. Kezilahabi alipata udaktari Wisconsin mwaka 1985 kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi, na alifariki Januari 2020. Kiswahili kimeshathibitisha kuwa kinabeba mawazo haya.

Kwa hiyo mwalimu wa Katoro, Chato au Kahama hana haja ya kuianza falsafa Athens. Na aanze na Kagame na mpaka wa mtu na kitu, na Odera Oruka na mzee anayehoji, na Nyerere na ardhi, kisha amlete Aristotle kama mgeni mwenye msaada. Ampe kila mwanafunzi kauli moja inayosemwa mtaani kwao, aipime: nani ameisema, ushahidi wake ni upi, je, hitimisho linafuata, na ni nani ataumia ikiwa ni uongo? Kijana anayejua kuuliza hivyo ameshaanza falsafa, na bibi wa jirani mwenye macho mekundu ana mtetezi.