Judo Ilianzishwa na Kijana Aliyechoka Kuonewa
Wasee, kila siku mnabishana: karate ama judo, ipi kali? Kano Jigoro wa Japani hakukwama hapo. Alikuwa na mwili mdogo, shuleni wakimwonea, akaamua kujifunza jujutsu. Na hakubaki na mtindo mmoja: kukaba alijifunzia huku, kurusha mtu kule. 1882, akiwa na miaka 21, akaanzisha judo kwenye hekalu moja Tokyo, chumba cha mikeka 12 tu. Ujanja wake? Ngumi na mateke aliziondoa kwenye mazoezi ya kupambana, ndio watu washindane kwa nguvu zote na kesho warudi wazima. Mbinu hujawahi kujaribu kwa mtu anayekataa kuanguka haitakuokoa usiku stejini. Ukitafuta klabu, uliza kwanza: hapa tunapambana kweli?