Amplifaya za daraja D: wati zinatoka wapi?

Kibao cha amplifaya chenye chipu ya TPA3116D2 kwa kawaida huuzwa kikiwa kimeandikwa "50W + 50W". Fundi wa nyumbani hukifunga kwenye adapta ya volti 12, kisha hulalamika kuwa amepunjwa. Mara nyingi shida ni umeme anaokipa. Texas Instruments, watengenezaji wa chipu, wanataja wati 50 kwa volti 21 na spika za omu 4, tena sauti ikiwa imeshaanza kukwaruza. Kwa volti 12, spika hiyo haipati zaidi ya wati 18 zilizo safi. Chaja ya kompyuta ya mkononi ya volti 19 hufaa zaidi, ila kagua kwanza volti zilizoandikwa kwenye kapasita za kibao.

Transista za daraja D huwaka na kuzima kabisa, mara 400,000 au zaidi kwa sekunde, hivyo joto huwa dogo na kipande cha alumini hutosha kukipoza.

Kinachoua vibao hivi ni mazoea ya amplifaya za zamani: kuunganisha pamoja nyaya hasi za spika mbili. Hapa nyaya zote mbili za spika hubeba sauti. Kila spika ipewe zake, na hasi isiguse kamwe hasi ya adapta.