Reptilia Walivyoitikisa Kanuni ya Jogoo

Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga sita, akawaacha baadhi yao wakue bila korodani na kuwaona wakipoteza kilemba chekundu, sauti ya kuwika na ari ya kupigana, huku wengine akiwapandikizia korodani ndani ya tumbo, mbali na mahali pake pa asili na mbali na neva zake za awali. Majogoo hao wa kundi la pili waliwika, walipigana na kuwaandama mitetea kana kwamba hawakuguswa kamwe. Kwa kuwa neva zilikuwa zimekatwa, Berthold alihitimisha kwamba korodani hupeleka kitu fulani mwilini kwa njia ya damu, na kitu hicho ndicho sayansi ya karne iliyofuata ilichokiita homoni, yaani kemikali inayotengenezwa na tezi moja na kutumwa kuamuru viungo vya mbali.

Juu ya jaribio hilo dogo kulijengwa kanuni kubwa. Panya na njiwa walipimwa kwa namna hiyohiyo, matokeo yakafanana, na ikakubalika kwamba tabia ya uzazi ni mtumwa wa homoni za uzazi: zikipanda, mnyama hutongoza na kujamiiana, zikishuka, hamu hutoweka. Mwaka 1959 Charles Phoenix, Robert Goy, Arnold Gerall na William Young, waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Kansas, waliongeza ghorofa ya pili juu ya jengo hilo walipoonyesha kwamba simbilisi jike aliyepata testosteroni, homoni ya kiume, akiwa bado tumboni mwa mama yake hukua akiwa na mwelekeo wa tabia za dume. Homoni basi zilipewa kazi mbili, ya kuujenga ubongo kabla ya kuzaliwa na ya kuuamsha ukubwani, na katika kazi zote mbili chanzo kilidhaniwa kuwa kromosomu za jinsia, zile nyuzi za urithi zinazoamua tangu utungaji wa mimba kama kiumbe atakuwa dume au jike. Kasoro ya kanuni hiyo haikuwa katika vipimo vyake, ambavyo vilikuwa sahihi, bali katika uchache wa wanyama waliopimwa, kwani karibu wote walikuwa ndege au mamalia waliofugwa, wanaokula na kuzaa mwaka mzima penye joto lisilobadilika.

Aliyeivuka mipaka hiyo ni David Crews, aliyesomea tabia za wanyama katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, chini ya Daniel Lehrman, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameonyesha kwa njiwa kwamba homoni na tabia huathiriana kwa pande zote mbili, kiasi kwamba jike anayetazama dume akimtongoza hubadilika homoni zake mwenyewe. Crews alilihamishia swali hilo kwa mjusi wa kijani wa kusini mwa Marekani, Anolis carolinensis, ambaye dume wake huinamisha kichwa mara kwa mara na kukunjua ngozi nyekundu iliyo chini ya koo. Majike waliokaa na madume wenye kutongoza walikuza mayai katika ovari haraka kuliko waliokaa peke yao, wakati majike waliowekwa mahali penye madume wanaopigana wao kwa wao walichelewa. Madume waliokatwa gegedu la koo wasiweze kuitandaza ngozi ile nyekundu waliendelea kutongoza kwa bidii, lakini ovari za majike hazikuitika, jambo lililothibitisha kwamba jicho la jike ni mlango wa kuingilia katika tezi zake. Matokeo hayo, yaliyofanyiwa muhtasari katika jarida la Science mwaka 1975, bado yalikaa vizuri ndani ya nyumba ya Berthold na Lehrman. Wanyama waliofuata hawakukaa humo.

Katika jimbo la Manitoba nchini Kanada wanaishi nyoka wadogo wasio na madhara kwa binadamu, Thamnophis sirtalis parietalis, ambao hupitisha zaidi ya nusu ya mwaka ndani ya mashimo ya mawe ya chokaa, maelfu kwa maelfu katika pango moja, wakiukwepa ubaridi unaogandisha ardhi. Majira ya kuchipua yanapoingia madume hutoka kwanza na kusubiri mlangoni, na kila jike anapojitokeza huzongwa na makumi ya madume wanaomtambua kwa harufu ya mafuta ya ngozi yake, hadi wote wanakuwa donge moja linaloviringika juu ya mawe. Kwa kanuni ya jogoo, mtu angetarajia damu ya madume hao ijae testosteroni na korodani zao ziwe zimevimba. Kilichopatikana ni kinyume chake: korodani zimesinyaa, na mbegu za kiume zinazotumika ni akiba iliyotengenezwa kiangazi kilichopita na kuhifadhiwa katika mirija wakati wote wa baridi. Crews na wenzake walipowahasi madume kabla ya majira ya baridi, madume hao walitoka mashimoni na kutongoza kama wenzao wazima. Kilichowaamsha ni joto linalofuata kipindi kirefu cha ubaridi, na mwamuzi wa mabadiliko hayo ni ubongo, hasa sehemu ya mbele ya haipothalamasi inayopima joto la mwili, pamoja na tezi ndogo ya pineali. Ni vigumu kutaja pigo lililo wazi zaidi dhidi ya kanuni ya Berthold, na inastahili kusemwa kwamba lilikuja kwa sababu mtu alikubali kumchunguza mnyama mahali anapoishi, katika nchi ambako msimu mzima wa kujamiiana huisha ndani ya wiki chache.

Mjusi wa mkia wa mjeledi alileta fumbo la aina nyingine. Mnamo 1958 Ilya Darevsky alikuwa ametangaza kwamba baadhi ya mijusi wa milima ya Armenia huzaa bila dume, kwa mayai yanayokua bila kurutubishwa, na baada ya muda mfupi ilifahamika kwamba jamii kadhaa za mijusi wa kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico nazo ni za majike watupu. Miongoni mwao ni Cnemidophorus uniparens, ambaye siku hizi huainishwa kama Aspidoscelis, aliyetokana na kuzaliana kwa jamii tofauti zenye madume. Crews na Kevin Fitzgerald waliripoti mwaka 1980 kwamba majike hao wakiwa kizimbani hupandana: mmoja humng'ata mwenzake ngozi ya shingo au mguu, humpanda mgongoni, kisha huupitisha mkia wake chini ya mkia wa mwenzake hadi kloaka zao, yaani tundu moja la taka na uzazi, zikaribiane, na huku akiwa amemng'ata kiunoni hukaa katika umbo la pete kwa dakika kadhaa. Hakuna mbegu inayopita, kwa kuwa hakuna aliye nayo. Wapo waliolipinga dai hilo, hasa Orlando Cuellar, aliyeona kwamba tendo hilo ni zao la msongamano wa kizimbani. Hoja yake ilikuwa ya haki, na ndiyo iliyoulazimisha upande wa pili kupima badala ya kusimulia. Vipimo vilionyesha kwamba majike walioishi na wenzao hutaga mara nyingi zaidi kuliko wapweke, na kwamba zamu hufuata homoni: kabla yai halijapevuka, homoni ya kike estradioli ikiwa juu, mjusi huchukua nafasi ya jike, akishaachilia yai, projesteroni ikipanda, huchukua nafasi ya dume. Projesteroni ilikuwa ikihesabiwa kuwa homoni ya ujauzito inayozima hamu ya dume, lakini baada ya kuonekana ikiamsha tabia ya kiume kwa mijusi hao, ilijaribiwa kwa madume wa jamii mojawapo ya asili yao na hatimaye kwa panya, nako ikaonekana kuchangia. Safari hii mjusi ndiye aliyeelekeza nini kitafutwe kwa mamalia.

Pigo la mwisho lilikuwa limekwisha kutolewa barani Afrika bila watu wengi kulisikia. Mwaka 1966 Madeleine Charnier, akifanya kazi Dakar nchini Senegali, alichapisha kwa Kifaransa makala fupi kuhusu Agama agama, mjusi wa kuta na mawe ambaye dume wake ana kichwa cha rangi ya moto, akionyesha kwamba mayai yaliyoatamiwa katika joto la chini yalitoa majike na yale ya joto la juu kidogo yalitoa madume. Kurasa zake zilikuwa chache, nazo zilipita karibu kimya. Claude Pieau aliligundua jambo la namna hiyo kwa kobe nchini Ufaransa katika miaka ya 1970, James Bull na Richard Vogt wakalithibitisha Marekani mwaka 1979, na Mark Ferguson na Ted Joanen wakalionyesha kwa mamba wa Louisiana mwaka 1982, ambao mayai yao hutoa majike penye nyuzijoto 30 za Selsiasi au chini ya hapo na madume penye takriban 34. Kwa wanyama hao joto la theluthi ya kati ya uatamiaji ndilo linaloamua jinsia.

Crews, ambaye wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, aliziunganisha nyuzi zote hizo katika mjusi kafiri wa Asia mwenye madoa kama ya chui, Eublepharis macularius. Mayai yake yakiatamiwa kwa nyuzijoto 26 hutoa majike karibu watupu, kwa 32.5 hutoa madume wengi na majike wachache, na joto likizidi hapo majike hurudi. Mwaka 1988 yeye na William Gutzke walionyesha katika Nature kwamba majike waliotoka katika joto la madume walikuwa wakali na wenye mwenendo wa kiume walipokua, ingawa ni majike. Joto la yai, kwa maneno mengine, liliacha alama katika hulka ya mnyama mzima. Katika maabara hiyohiyo tone la estradioli lililowekwa juu ya ganda la yai la kobe lilitosha kumfanya kiinitete awe jike hata katika joto la madume, kwa hiyo homoni haikufukuzwa katika simulizi hii. Imeonekana tu kuwa mjumbe wa joto mahali ambapo zamani ilidhaniwa kuwa mjumbe wa kromosomu.

Elimu hii inawahusu moja kwa moja walinzi wa kasa wa pwani ya Kenya na Tanzania, kwani kasa wa baharini hufuata kanuni ya joto, nao mchanga wa moto hutoa majike. Kaskazini mwa matumbawe makubwa ya Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta takriban asilimia 99 ya kasa wachanga kuwa majike. Mayai yanayokaribia kufikiwa na maji huhamishiwa mahali salama, na anayeyahamisha huyachagulia pia jinsia kwa kina cha shimo na kivuli cha mahali anapoyazika. Kila kikundi kinachofanya kazi hiyo kinapaswa kuwa na kipimajoto ndani ya mchanga, na daftari la kuandikia kinachosomeka.