Dawa, Uzee na Lugha: Historia ya Mafunzo Endelevu ya Wafamasia na Watoa Dawa katika Jinja na Mbale, Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya mafunzo endelevu ya wafamasia na watoa dawa katika miji ya Jinja na Mbale, hasa kuhusiana na matumizi ya dawa kwa wazee. Inatoa hoja kwamba mafunzo hayo yamefuata zaidi bidhaa na maradhi yaliyopata wafadhili kuliko mgonjwa mzee mwenyewe, na kwamba lugha anayoelekezewa mzee huyo dawa zake haijapewa nafasi inayostahili, ingawa historia ya lugha katika miji hiyo miwili inaeleza wazi kwa nini ingepaswa kupewa.

Utangulizi

Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu watu milioni 34.6 nchini Uganda. Waliofikia umri wa miaka 60 na kuendelea walikuwa takribani milioni 1.4, yaani asilimia nne hivi. Kwa mpanga sera, asilimia nne ni rahisi kuipita aendapo kwenye jambo jingine, hasa katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake ni watoto na vijana. Dirishani pa kutolea dawa hesabu ni nyingine. Kijana mwenye malaria humaliza dozi akaenda zake. Mzee mwenye shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya magoti hurudi kila mwezi, na kila arudipo huwa na dawa tatu, nne au zaidi za kumeza kwa wakati mmoja, baadhi zikiwa zimetoka hospitalini, nyingine zimenunuliwa dukani, na nyingine zimechumwa nyuma ya nyumba.

Figo za mzee huchuja polepole kuliko za kijana. Kipimo kilichokuwa salama akiwa na miaka 40 kinaweza kumlaza akiwa na miaka 75. Katika nchi tajiri elimu hii ilianza kuandikiwa miongozo mwishoni mwa karne iliyopita: nchini Marekani, Mark Beers na wenzake walichapisha mwaka 1991 vigezo vya kutambua dawa zisizowafaa wazee, na mwaka 2008 wataalamu wa Ireland wakatoa vigezo vyao. Swali la makala hii ni namna maarifa ya aina hiyo yalivyofika, au yalivyochelewa kufika, katika miji miwili ya mashariki mwa Uganda, na kwa lugha gani.

Lugha zilizotangulia dawa

Haiwezekani kueleza mazungumzo ya leo baina ya mtoa dawa na mzee wa Mbale bila kumtaja Semei Kakungulu. Huyu ndiye jemadari wa Kiganda aliyeweka makazi yake Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye mwaka 1906 Waingereza walimhamishia Jinja awe rais wa baraza la Busoga. Pamoja naye na maakida wake ilikuja Luganda, ambayo ilikwisha kuwa lugha ya Biblia, ikawa lugha ya kanisa, ya shule na ya karani. Wazee wa Kisoga na Kigisu waliosoma katika shule za misheni walijifunza kusoma kwa Luganda kabla ya kusoma lugha zao wenyewe.

Kiswahili kilipita njia nyingine. Kilikuja na wafanyabiashara wa ziwani, kikaimarishwa na askari wa KAR katika kambi ya Jinja, kisha na reli: ya Busoga iliyofunguliwa mwaka 1912 kutoka Jinja hadi Namasagali, ile ya Tororo hadi Soroti iliyopita Mbale mwaka 1929, na daraja la reli juu ya Mto Nile mwaka 1931. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika elimu na utawala, upinzani kutoka Buganda na kwa maaskofu ulikuwa mkali, na kufikia mwaka 1952 lugha hiyo ilikuwa imeondolewa miongoni mwa lugha zilizotambuliwa mashuleni, isipokuwa kwa polisi. Lakini bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na viwanda vya nguo vilivyolifuata havikuajiri watu wa kabila moja. Katika makazi ya wafanyakazi ya Walukuba, Msoga, Mluo, Mgisu na Mteso walihitaji lugha ya pamoja, na mara nyingi lugha hiyo ilikuwa Kiswahili.

Vijana wa bwawa na reli ndio wazee wa jana na wa leo. Hapa pana jambo ambalo watafiti wa lugha nchini Uganda hawajalitilia maanani vya kutosha: katika miji hii, umilisi wa Kiswahili una umri na una jinsia. Mzee wa kiume aliyefanya kazi kiwandani au jeshini huenda akakielewa vizuri kuliko mfamasia kijana anayemhudumia. Mke wake aliyebaki shambani huenda asikielewe, au akakisikia kwa hofu, kwa kuwa kwake ni lugha ya vizuizi vya barabarani vya miaka ya 1970. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa haikukisaidia kupendwa.

Kutoka sheria ya 1970 hadi makasha ya dawa

Sheria ya Famasia na Dawa ya mwaka 1970 iliunda Chama cha Wafamasia cha Uganda na kuweka taaluma chini ya usajili. Miaka miwili baadaye Waasia walifukuzwa, na miji ya biashara kama Jinja na Mbale ikapoteza sehemu kubwa ya watu waliokuwa wakiagiza, kuhifadhi na kuuza dawa. Neno lililobaki midomoni mwa Waganda wote kutoka kipindi hicho ni la Kiswahili: magendo. Dawa nazo zilipita humo. Kidonge kiliuzwa sokoni kando ya sabuni na chumvi, na aliyekiuza hakuwa na wa kumfunza wala wa kumuuliza.

Mpango wa Dawa Muhimu ulioanza katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Denmaki ulileta nidhamu mpya. Makasha yaliyofungwa tayari yalipelekwa vituoni, na pamoja nayo mafunzo ya watumishi kuhusu matumizi sahihi. Katika muongo huohuo Mbale ikawa makao ya kituo cha Wizara ya Afya cha kuendeleza watumishi waliokwisha kuajiriwa, ambacho kwa miaka mingi kimeendesha mafunzo kazini na masomo ya masafa. Ni jambo la kujivunia kwa mji wa mkoani kwamba elimu endelevu ya afya ya nchi nzima iliwahi kupangwa kutoka chini ya Mlima Elgon badala ya Kampala. Shahada ya famasia ya Makerere nayo ilianza mwaka 1988. Kabla ya hapo mfamasia alisomea nje ya nchi, na aliyesimama dirishani katika hospitali ya mkoa kwa kawaida alikuwa mtoa dawa aliyefunzwa Mulago. Mwaka 1993 sheria mpya zilileta Mamlaka ya Taifa ya Dawa na Bohari Kuu ya Dawa.

Yote haya yalikuwa mafanikio, na makala hii haikusudii kuyapunguza. Hata hivyo, kasha la dawa lina mantiki yake. Lilibuniwa kwa ajili ya maradhi ya ghafla: malaria, kuharisha, vichomi, minyoo. Mafunzo yaliyoambatana nalo yalifuata kilichomo ndani. VVU ilipoenea, mafunzo yalielekea huko, na kwa haki. Shirika la TASO, lililoanzishwa mwaka 1987, lilifungua vituo Jinja na Mbale, na dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 watoa dawa walifunzwa upya. Ndipo mzee alipoonekana, lakini alionekana kama bibi anayelea mayatima: mtunzaji wa wagonjwa, asiyehesabiwa kuwa mgonjwa. Kufutwa kwa ada za matibabu mwezi Machi 2001 kulimrudisha hospitalini. Huko mara nyingi alikuta dawa za maradhi ya kudumu zimekwisha, akaelekezwa dukani, kwa mtu mwenye mafunzo machache zaidi.

Dawa moja na umri mmoja

Mfano wa glibenklamidi unatosha kuonyesha gharama ya pengo hili. Ni dawa ya kisukari ya bei nafuu iliyotumika kwa miongo mingi Afrika Mashariki. Mwilini hubadilika kuwa kemikali nyingine ambazo bado zinashusha sukari, na hizo hutolewa na figo. Figo zikichoka, dawa hukaa. Mzee akikosa mlo mmoja tu, sukari inaweza kushuka na kubaki chini kwa saa nyingi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliingiza gliklazidi katika orodha yake ya dawa muhimu, likionya kwamba glibenklamidi haiwafai waliozidi miaka 60. Mbale ni mji wenye Waislamu wengi, na Chuo Kikuu cha Kiislamu kimekuwapo hapo tangu mwaka 1988. Mzee anayefunga Ramadhani huku akimeza dawa hiyo yuko katika hatari mahususi inayoepukika kwa maneno machache ya mtoa dawa. Dalili zake, yaani jasho, kuchanganyikiwa na kuanguka, huitwa na jamaa zake malaria, au huitwa uzee.

Ni hivyo hivyo kwa diklofenaki, inayonunuliwa kwa maumivu ya magoti bila cheti, na ambayo hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo za mtu ambaye tayari anameza dawa za shinikizo hilo. Dawa hizi mbili si za siri. Kila mfamasia amezisoma. Mafunzo endelevu yanahitajika ili elimu hiyo ivuke kutoka kitabuni hadi kwenye maneno atakayoyasikia mzee.

Saa mbili na saa nane

Na maneno hayo yana hatari zake. Kiswahili na Luganda huhesabu saa kuanzia mapambazuko: saa mbili asubuhi ndiyo ambayo Mwingereza huiita ya nane. Mtoa dawa aliyesomea Kiingereza anaposema au kuandika tarakimu 8 kwenye bahasha ya vidonge, mjukuu humsomea babu yake, na babu humeza dawa saa nane mchana. Kwa dawa ya malaria kosa hilo huenda lisidhuru sana. Kwa dawa ya kukojosha maji iliyokusudiwa kumezwa asubuhi, au dawa ya kisukari iliyokusudiwa kutangulia mlo, linadhuru.

Majina ya maradhi nayo yanafunza, wakati mwingine yanafunza vibaya. Kisukari huitwa sukari, na mgonjwa huamini kwamba akiacha sukari ya chai amejitibu. Shinikizo la damu huitwa presha, kwa Kiswahili na kwa Luganda karibu neno lilelile. Lakini presha ni pia wasiwasi na hasira, na mzee anayeielewa hivyo humeza kidonge siku aliyogombana na mwanawe na kukiacha siku za amani. Dawa yenyewe, kama eddagala la Waganda, hukusanya katika neno moja kidonge, mizizi na hirizi. Kwa hiyo swali la mfamasia, kama mzee anatumia dawa nyingine, hupata jibu linalotegemea ni dawa ipi aliyodhani anaulizwa. Mengi ya makosa yanayohesabiwa kuwa ya ukaidi wa wazee ni makosa ya semantiki.

Ruvuma, na kinachowezekana

Tanzania ilianza mwaka 2003, katika mkoa wa Ruvuma, mpango wa Duka la Dawa Muhimu: maduka madogo yaliyoidhinishwa, yaliyokaguliwa, na yaliyoendeshwa na watoa dawa waliopewa mafunzo ya wiki kadhaa. Miaka michache baadaye Uganda iliujaribu mfano huo katika wilaya ya Kibaale. Muundo ulivuka mpaka, lugha haikuvuka. Mtoa dawa wa Songea alifunzwa kwa lugha ileile ambayo angeitumia kumhudumia mteja, na hilo lilikuwa sehemu ya uwezo wa mpango. Mtoa dawa wa Mbale hufunzwa kwa Kiingereza, kisha hujitafsiria mwenyewe, papo hapo, kwa Lumasaaba, Luganda au Kiswahili, bila istilahi zilizokubaliwa na bila mtu wa kusahihisha tafsiri yake.

Uganda haikosi sera. Katiba ya mwaka 1995 inaitaka dola itoe huduma za ustawi kwa wazee; sera ya taifa ya wazee ni ya mwaka 2009, na sheria ya baraza lao ni ya mwaka 2013. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kikatiba tangu mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Sera hizi mbili, ya wazee na ya lugha, hazijakutanishwa. Uamuzi wa 2022 umewatazama wanafunzi. Faida yake kwa mzee wa Walukuba itasubiri mpaka mwanafunzi wa leo asimame dirishani, na mzee huyo hatakuwapo.

Kinachowezekana kabla ya hapo ni kidogo na hakina gharama kubwa. Kituo cha Mbale na Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema, kilicho katika mji huohuo, vinaweza kuandaa somo fupi kuhusu dawa kwa wazee, lenye dawa chache zinazojulikana kudhuru na maelekezo yake yaliyoandikwa kwa Lusoga, Lumasaaba, Luganda na Kiswahili, nyakati zikitajwa kwa jua na mlo badala ya tarakimu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inaweza kushughulikia istilahi. Mabaraza ya wazee ya wilaya yanaweza kuombwa yasikilize maelekezo hayo kabla hayajachapwa na kueleza waliyoyaelewa. Na pale ambapo wanawake wa Bugisu watasema kwamba maneno ya Kiswahili yanawafunga masikio, matini ya Lumasaaba itangulie.