Joto Lililoua Watu 739 Chicago, na Milango Isiyopigwa Hodi

 

Wengi mkinipigia simu mnaniuliza habari za baridi ya Chicago. Ni kweli, baridi ya huku si mchezo. Lakini leo nataka niwasimulie habari za joto. Mji huu una historia ya moto mkubwa wa mwaka 1871, ambao kila mgeni akija anasimuliwa. Moto ule uliua watu kama 300. Joto la wiki moja tu ya Julai 1995 liliua watu 739, na wageni wengi hata hawalisikii likitajwa.

Ilikuwaje? Joto lilianza kupanda Jumatano ya tarehe 12 Julai. Kesho yake, kipimo cha uwanja wa ndege wa Midway kilifika nyuzijoto 41. Hewa ilikuwa na unyevunyevu mwingi, kwa hiyo mwili ulihisi kama uko kwenye nyuzi 52 hivi. Najua kuna atakayesema, "Aah, sisi joto tumezaliwa nalo!" Subirini kidogo.

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, lakini jasho halisaidii mpaka likauke. Hewa ikijaa unyevu, jasho linachuruzika tu bila kupoza kitu. Moyo nao unalazimika kupiga mbio kusukuma damu kwenye ngozi. Usiku ukiwa na ubaridi, moyo hupumzika. Usiku ukiwa wa joto pia, siku ya pili na ya tatu ndipo moyo wa mzee unaposhindwa. Tena nyumba za Chicago zilijengwa kwa ajili ya baridi: matofali mazito na paa za lami nyeusi. Joto likiingia halitoki.

Basi umeme ukakatika kwenye maelfu ya nyumba kwa sababu viyoyozi viliulemea. Vijana wakafungua mabomba ya zimamoto mitaani wapate kuoga, maji yakapungua nguvu majumbani. Zaidi ya hospitali 20 zilifika mahali pa kukataa wagonjwa wapya wa dharura. Mochwari ya kaunti ikajaa hadi yakaletwa malori ya friji ya kubebea chakula, yakapangwa nje kutunzia maiti. Yalikuwa malori tisa.

Meya wa wakati ule, Richard M. Daley, aliitilia shaka idadi ya vifo. Hoja yake ilikuwa kwamba si kila anayekufa kiangazi ameuawa na joto. Daktari mkuu wa uchunguzi wa maiti wa kaunti, Edmund Donoghue, alishikilia hesabu yake. Baadaye wataalamu walihesabu kwa njia nyingine: ni watu wangapi hufa wiki kama hiyo katika mwaka wa kawaida, na ni wangapi walikufa safari hii? Ziada ndiyo ile 739. Kumbe Donoghue alikuwa amehesabu pungufu!

Hapo ndipo linakuja swali lenyewe: ni nani waliokufa, na kwa nini wao?

Mwanasosholojia Eric Klinenberg, mzaliwa wa Chicago, alilifanyia utafiti swali hili na mwaka 2002 akatoa kitabu. Wengi walikuwa wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Walikutwa ndani, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi. Wazee wanawake wanaoishi peke yao ni wengi kuliko wanaume, lakini wanaume ndio waliokufa kwa kiwango kikubwa zaidi, maana wanaume wengi walikuwa wamepotezana kabisa na watoto na ndugu. Maiti kadhaa hazikupata mtu wa kuzichukua. Mwezi Agosti, 41 kati yake zikazikwa na serikali katika kaburi moja refu nje ya mji. Watu 41, jamani, hakuna hata shemeji aliyejitokeza.

Alilinganisha mitaa miwili iliyopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote ilikuwa na umaskini, na yote ilikuwa na wazee wengi wanaoishi peke yao. North Lawndale, mtaa wa Wamarekani weusi, walikufa watu 19. South Lawndale, wenye Wamexico wengi, walikufa watatu. Ukiweka kwa hesabu ya watu 100,000, huku ni 40, kule hawafiki wanne.

Si suala la damu wala rangi. North Lawndale viwanda vilikuwa vimeondoka, maduka yamefungwa, viwanja vimebaki magugu, na mzee aliogopa hata kufika kona. South Lawndale barabara ya 26 ilikuwa imejaa maduka, wauzaji na watoto. Mzee akizidiwa na joto alitoka, akaingia dukani kwenye ubaridi, akasalimiana na watu. Asipoonekana, kuna mtu wa kuuliza, "Mzee fulani leo yuko wapi?" Sisi tungesema, kulikuwa na mtu wa kupiga hodi.

Chicago ilijifunza. Joto kali liliporudi mwaka 1999, mji ulipeleka polisi na wafanyakazi wake kuwaangalia wazee majumbani, na mabasi ya bure yakawapeleka watu kwenye kumbi zenye ubaridi. Walikufa 110. Ni wengi, ndiyo, lakini si 739.

Wengine hawakujifunza kwa Chicago. Agosti 2003 joto likaingia Ulaya. Ufaransa peke yake walikufa karibu watu 15,000, na Ulaya nzima zaidi ya 70,000. Ulikuwa mwezi wa likizo, watoto wako ufukweni, wazee wamebaki Paris ghorofani. Tarehe 3 Septemba, maiti 57 zisizo na wenyewe zilizikwa katika makaburi ya Thiais, na Rais Jacques Chirac akahudhuria. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Kanada. Mji mdogo wa Lytton ulifika nyuzi 49.6, na siku iliyofuata ukateketea kwa moto. Katika jimbo lile la British Columbia walikufa watu 619, karibu wote wakiwa ndani ya nyumba, na zaidi ya nusu waliishi peke yao.

Wanasayansi hawasemi kila siku ya jua kali ni mabadiliko ya tabianchi. Ila kwa joto la Ulaya la 2003 walipiga hesabu wakaona kwamba moshi wa viwanda na magari yetu uliongeza uwezekano wake angalau mara mbili. La Kanada walisema karibu lisingewezekana kabisa bila mchango wa binadamu. Na mwaka 2024 dunia ilikuwa na joto kuliko mwaka wowote uliowahi kupimwa. Kwa hiyo joto litarudi. Yaliyotokea North Lawndale ni ya kila mtu.

Sasa nyumbani. Kwetu mzee akifariki mwezi wa joto tunasema ni presha, tunazika, basi. Wenye kuhesabu ziada kama walivyofanya Chicago ni wachache. Na tusijidanganye kwamba joto tumelizoea. Bati linawaka mchana, usiku umeme hakuna, pangaboi limesimama. Kilichotulinda miaka yote si ngozi zetu, ni baraza, mkeka nje, na jirani anayeingia bila miadi. Leo tunajenga nyumba za geti na ukuta wenye vipande vya chupa juu, na wazee tunawaacha ndani na msichana wa kazi. Sisi wa ughaibuni tunatuma pesa ya feni na dawa, tunaona tumemaliza. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Pesa yangu haiwezi kugusa paji la uso la bibi ikajua kwamba amechemka.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja, hasa nyie vijana. Joto likizidi, mzee anayelala peke yake apigiwe hodi asubuhi na jioni. Apewe maji hata kama hasemi ana kiu, atolewe nje kwenye kivuli, afutwe kwa kitambaa chenye maji. Mkimwona anaweweseka na ngozi inawaka, mmwagieni maji na kumkimbiza hospitali, msingoje kesho.

Na mkiniandikia, nitajieni kwa jina: kwa kila mzee wetu, ni nani anayepiga hodi?

Wasalaam, tuko pamoja.