Dunhuang: Mapango ya Wabudha Ukingoni mwa Jangwa

Dunhuang ni mji mdogo uliojengwa penye maji ya jangwani, katika jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi mwa China. Mwaka 111 KK, mfalme Wudi wa nasaba ya Han aliufanya makao ya jeshi na utawala ili kulinda mpaka wa magharibi. Hapo ndipo Njia ya Hariri ilipogawanyika, tawi moja likizunguka jangwa la Taklamakan kwa kaskazini na jingine kwa kusini. Misafara ya ngamia ilipumzika Dunhuang, ikajaza viriba na kununua chakula kabla ya kuingia mchangani. Pamoja na bidhaa, njia hiyo ilipitisha dini: watawa wa Kibudha kutoka India na Asia ya Kati waliifuata hadi katikati ya China.

Kwa mujibu wa maandishi ya kale, mwaka 366 BK mtawa Yuezun alifika kwenye genge la Mogao, kilomita 25 kusini-mashariki mwa mji, akaona mwanga wa dhahabu uliofanana na Mabudha elfu moja. Akachimba pango la kutafakari na kusali. Wengine walimfuata, na kazi hiyo iliendelea kwa takriban miaka elfu moja. Gharama zilibebwa na watawala, maofisa, wafanyabiashara na familia za kawaida, wenye kuomba baraka au kutimiza nadhiri. Leo yamehesabiwa mapango 735 katika genge lenye urefu wa zaidi ya kilomita 1.6. Kati ya hayo, 492 yana michoro au sanamu. Michoro ya ukutani imeenea mita za mraba 45,000, na sanamu ni zaidi ya 2,000.

Mwamba wa Mogao ni wa kokoto zilizoshikamana, nao hauchongeki kwa ustadi. Kwa hiyo, ili kutengeneza sanamu, mafundi waliunda kiunzi cha mbao, wakakifunga matete, kisha wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na nyuzi, mwisho wakapaka rangi. Kuta nazo zilikandikwa udongo wa namna hiyo na kulainishwa kabla ya kuchorwa. Rangi zilisagwa kutoka kwenye madini, na buluu ya thamani kubwa ilitokana na jiwe lililoletwa kutoka milima ya Badakhshan, Afghanistan. Rangi nyekundu ya risasi imegeuka nyeusi kwa miaka mingi, ndiyo maana nyuso nyingi zilizokuwa za waridi sasa zinaonekana kuungua.

Katika pango namba 257, la zama za nasaba ya Wei ya Kaskazini, kuna hadithi ya kulungu wa rangi tisa aliyemwokoa mtu asizame mtoni. Mtu huyo aliahidi kutunza siri ya alipo kulungu, lakini akaivunja kwa tamaa ya zawadi na kumwongoza mfalme hadi kwake. Kulungu anaonekana amesimama wima mbele ya farasi wa mfalme, akieleza yaliyotokea. Kwingineko wamechorwa wafadhili wenyewe wakiwa wamevaa mavazi ya zama zao. Pango namba 96 lina Budha mwenye kimo cha mita 35.5, aliyetengenezwa mwaka 695 wakati wa malkia Wu Zetian. Kwa ukubwa wake, kiini chake kilichongwa mwambani kabla ya kufunikwa udongo.

Watibeti waliuteka mji katika miaka ya 780. Kwa sababu hiyo mahekalu ya Mogao yalinusurika pale serikali ya nasaba ya Tang, iliyotawala China, ilipoandama dini ya Budha mwaka 845. Kiongozi wa huko, Zhang Yichao, aliwafukuza Watibeti mwaka 848. Baadaye biashara ilihamia zaidi baharini, na katika karne ya 16 watawala wa nasaba ya Ming wakaacha eneo hilo. Mchanga ukaanza kufukia mapango.

Mwaka 1900, Wang Yuanlu, mtawa wa Kitao aliyekuwa akiyatunza mapango, aligundua chumba kilichozibwa tangu karne ya 11. Ndani ya chumba hicho, ambacho sasa ni pango namba 17, kulikuwa na hati takriban 50,000: sutra (maandiko ya Kibudha), mikataba, barua na hesabu, kwa Kichina, Kitibeti, Kisanskriti, Kisogdi na lugha nyingine. Mwanaakiolojia Aurel Stein alinunua maelfu ya hati hizo mwaka 1907 kwa fedha kidogo na kuzipeleka Uingereza. Miongoni mwazo ilikuwamo Sutra ya Almasi ya mwaka 868, kitabu kikongwe zaidi kilichopigwa chapa chenye tarehe kinachojulikana. Mtafiti Mfaransa Paul Pelliot alinunua nyingine mwaka 1908 na kuzipeleka Ufaransa. Mwaka 1924, Mmarekani Langdon Warner alibandua vipande vya michoro kwa gundi. Hasara hiyo bado inaonekana ukutani na bado inawauma Wachina.

Taasisi ya utafiti ilianzishwa mwaka 1944 chini ya mchoraji Chang Shuhong. Watumishi wake waliondoa mchanga, wakaimarisha genge na kunakili michoro kwa mkono. Mwaka 1987, UNESCO iliyaingiza mapango katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Tishio kubwa la sasa ni wageni wenyewe, kwani pumzi na jasho lao huongeza unyevu, nao huamsha chumvi inayobambatua udongo ukutani. Fan Jinshi, aliyefika Mogao mwaka 1963 na baadaye kuiongoza taasisi hiyo, alisimamia hatua za kupunguza madhara hayo. Tangu 2014, mgeni hukata tiketi mapema na kutazama filamu mbili katika kituo cha mapokezi, kisha hupelekwa gengeni kwa basi. Kiongozi hufungua mapango machache kwa ufunguo na kumulika kuta kwa tochi, na kupiga picha ndani ni marufuku. Mapango mengine hupumzishwa kwa zamu. Tangu 2016, picha za kina za mapango 30 zimewekwa kwenye intaneti, ili hata asiyeweza kufika Dunhuang ayaone.