Nyaraka za John Murray

Nyaraka za John Murray ni hifadhi ya barua, miswada na vitabu vya hesabu vya kampuni ya uchapishaji wa vitabu iliyoanzishwa na John Murray mjini London mwaka 1768. Familia yake iliiendesha kwa vizazi saba, hadi ilipouzwa mwaka 2002. Mwaka 2006 Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, ilizinunua nyaraka hizo kwa pauni milioni 31.2.

Kampuni ilitoa vitabu vya Jane Austen, Charles Darwin na David Livingstone, ambaye kitabu chake cha safari za Afrika kilitoka mwaka 1857. Watu hukimbilia barua za wakubwa hao, lakini vitabu vya hesabu vina faida zaidi: huonyesha nakala ngapi zilipigwa chapa na mwandishi alilipwa nini.

Kuna pengo moja lisilozibika. Mei 1824, siku chache baada ya habari za kifo cha mshairi Lord Byron kufika London, mswada wa kumbukumbu za maisha yake uliteketezwa kwa moto katika nyumba ya Murray, mtaa wa Albemarle, ili kulinda jina lake. Barua zake nyingi zilisalimika, nazo zimo humo.